Unalipia Mbps 20, laptopu inasema 2.3: hesabu iko wapi?

Swali: "Nina studio ndogo ya picha na video hapa Kondele, Kisumu. Kazi zangu ni harusi, mahafali na mazishi. Nimefungiwa faiba ya Mbps 20, na wakanihakikishia kwamba kupakua na kupakia ni kasi moja. Nikipima kwa simu naona 19. Lakini nikipakua kitu kwenye laptopu inaandika 2.3 MB/s, hata 3 haifiki. Juzi video ya harusi ya saa mbili, faili la GB 14, ilichukua karibu saa moja na dakika hamsini kupanda YouTube. Fundi ananiambia nihamie Mbps 40. Je, naibiwa, au ni mimi sielewi hizi hesabu? Na nikialikwa kurusha mazishi moja kwa moja kutoka kijijini, nitajuaje bando la kutosha?"

Jibu: Dada, huibiwi. Hiyo 19 ya simu na hiyo 2.3 ya laptopu ni kasi ile ile, imeandikwa kwa vipimo viwili tofauti. Laini yako inakupa karibu kila kitu unacholipia. Nimetanguliza hilo ili kesho usiende ofisini kwao kugombana, ukashindwa, kisha ukatoka umeuziwa kifurushi kikubwa zaidi. Sasa tuipige hesabu yenyewe mpaka ikae kichwani, kwa sababu katika kazi yako utaikuta kila mahali: kwenye faiba, kwenye kadi ya kamera, kwenye programu ya kuhariri, na kwenye bando la mazishi.

Anza kwa kutazama herufi kabla hujatazama nambari. Katika Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, b ni ndogo, nayo ni biti. Katika MB/s, yaani megabaiti kwa sekunde, B ni kubwa, nayo ni baiti. Biti ni alama moja tu, ama 0 ama 1. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukipewa Mbps, gawanya kwa 8 upate MB kwa sekunde. Ukipewa MB kwa sekunde, zidisha kwa 8 upate Mbps. Mahindi hayapungui kwa kupimwa kwa gunia badala ya gorogoro, lakini anayetaja gunia na anayetaja gorogoro hawawezi kuelewana bei mpaka mmoja wao abadilishe kipimo. Wewe na kampuni yako mko hapo hapo. Wao wanasema 20 kwa biti, laptopu inakujibu kwa baiti, na 20 ukiigawanya kwa 8 ni 2.5.

Umeona 2.3. Hiyo 0.2 iliyopotea ina maelezo yake, na tutaifikia.

Pengine unajiuliza kwa nini watu wa mitandao wasihesabu kwa baiti kama wengine wote. Ni kwa sababu ya kazi yenyewe. Waya wa telegrafu, waya wa simu, na sasa uzi wa kioo wa faiba, vyote hupitisha alama moja baada ya nyingine, na anayejenga laini huhesabu alama ngapi zimepita kwa sekunde. Anayetengeneza diski naye huhesabu vitu vilivyohifadhiwa, na kwake kipande kidogo chenye maana ni kama herufi moja ya maandishi, ambayo ilipewa nafasi ya baiti moja. Baiti ilipewa jina hilo na Werner Buchholz wa IBM mwaka 1956, na wakati huo haikuwa lazima iwe na biti 8. Kompyuta za System/360, ambazo IBM ilizitangaza mwaka 1964, ndizo zilizoifanya 8 iwe kawaida ya dunia. Tangu hapo kila upande umeshika kipimo chake.

Ni kweli pia kwamba biti inawafaa wauzaji, maana 20 inavutia macho kuliko 2.5. Lakini siwezi kusema wanadanganya. Ndicho kipimo cha laini za mawasiliano popote duniani, na hata mimi ninayefunga mitandao hapa Nakuru siwezi kukuandikia ankara kwa kipimo kingine. Ninachowalaumu ni kwamba hakuna anayekaa na mteja dakika tano siku ya kufunga faiba amweleze. Matokeo yake ni biashara ndogo ndogo kama yako kulipia kasi ambazo hazizihitaji, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ya herufi moja.

Fanya jaribio hili ukiwa unapakia faili kubwa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke. Itafute programu yako ya intaneti kwenye orodha, kisha ufuate mstari wake kwenda kulia. Safu ya diski inaandika MB/s. Safu ya mtandao, palepale kando yake, inaandika Mbps. Utaona diski inacheza karibu na 2 na kitu, na mtandao karibu na 19 au 20, zote zikipanda na kushuka kidogo. Ni faili moja, linasomwa kutoka kwenye diski na kusukumwa kwenye laini kwa mwendo mmoja, na mashine moja inakuonyesha kwa vipimo viwili kwenye mstari mmoja. Simu nayo ina yake: zile nambari ndogo za kasi ambazo Android nyingi huonyesha juu ya kioo huwa ni KB/s. Ukiona 850 KB/s, zidisha kwa 8 upate kilobiti 6,800, yaani Mbps 6.8.

Turudi kwenye ile 0.2. Ina sababu mbili, na zote mbili ni halali.

Ya kwanza ni mzigo wa safari. Faili lako haliendi YouTube likiwa kitu kimoja. Hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti. Pakiti ya kawaida ina nafasi ya baiti 1,500. Katika hizo, 40 zinashikwa na anwani na maelekezo ya safari, yaani IP na TCP, zikabaki 1,460 za video yako. Nje ya zile 1,500, Ethernet yenyewe, yaani utaratibu wa kupitisha data kwenye kebo ya mtandao, inaongeza nafasi ya baiti 38: anwani za mashine mbili zinazoongea, hesabu ya kukagua kama kuna biti iliyoharibika, alama za kuutahadharisha upande wa pili kwamba pakiti inakuja, na mwanya kabla ya pakiti inayofuata. Kwa hiyo laini imebeba 1,538 na wewe umefikisha 1,460. Hiyo ni kama asilimia 95. Asilimia 95 ya 20 ni 19, na ndiyo 19 yako ya simu. Ukiona kipimo kinakupa 19 kwenye laini ya 20, shukuru. Laini nyingi ninazozipima haziko hivyo.

Sababu ya pili iko ndani ya laptopu. Mbps 19 ukizigawanya kwa 8 unapata baiti 2,375,000 kwa sekunde. Mtu wa kawaida angesema MB 2.375. Lakini Windows, na programu nyingi zinazofanya kazi juu yake, huhesabu MB moja kuwa 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,048,576. Gawanya 2,375,000 kwa hiyo, unapata 2.26. Skrini inakupunguzia tarakimu na kuandika 2.3. Hesabu imefunga.

Huo mchezo wa 1,000 na 1,024 ni wa siku nyingi. Kumbukumbu za kompyuta hujengwa kwa mafungu ya mbili mbili, na 1,024 ndiyo iliyokuwa karibu na elfu, basi watu wakaiita kilo. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya ili kumaliza utata: ile ya 1,024 iandikwe KiB, MiB, GiB, na ile ya elfu ibaki KB, MB, GB. Windows haikufuata. Apple walihamia hesabu ya elfu kwenye Mac mwaka 2009. Ndiyo maana flashi uliyonunua ya GB 64 ukiichomeka kwenye laptopu inaonyesha 59 na kitu, aliyekuuzia hakukupunja. Kwenye kasi ya laini inayoandikwa kwa Mbps utata huu haupo kabisa: mega ni milioni moja kamili, siku zote.

Kama hutaki kupitia haya yote kila mara, gawanya Mbps kwa 9. Jibu litakuwa karibu sana na kile ambacho Windows itakuonyesha, kwa sababu hiyo 9 imeshameza nane ya biti, mzigo wa safari na ile 1,024. 20 kwa 9 ni 2.2. Laini ya Mbps 40 itaonyesha 4.4. Anayejigamba kwa Mbps 100 ataona 11 hivi.

Sasa faili lako la GB 14. Hapa nakupa hesabu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi bila kikokotoo: Mbps 1 ikikimbia saa nzima hubeba MB 450. Sekunde 3,600 za biti milioni moja moja, gawanya kwa 8, ni hapo. Kwa hiyo Mbps 20 hubeba GB 9 kwa saa. Zile GB 14 za Windows ni GB 15 za kawaida (zidisha 14 kwa 1.074, ambayo ni tofauti ya 1,024 na elfu kwenye kiwango cha giga). Gawanya 15 kwa 9: saa 1 na dakika 40. Ongeza ile sehemu moja ya ishirini inayoliwa na safari, inakuwa saa 1 na dakika 45 hivi. Wewe umeona karibu saa 1 na dakika 50. Dakika zilizobaki unaweza kuzitafuta kwenye waifai, au simu ya mtu mwingine iliyokuwa inatumia laini hiyo hiyo, lakini mimi nisingejisumbua.

Ungehamia Mbps 40, muda huo ungepungua ukawa kama dakika 53. Fundi hajakosea kwenye hilo. Swali ambalo hakukuuliza ni kwa nini faili lina GB 14.

Video nayo ina kasi yake, na kasi hiyo huhesabiwa kwa Mbps zile zile: ni biti ngapi zinatumika kueleza sekunde moja ya picha. GB 15 kwa saa mbili ni GB 7.5 kwa saa. Gawanya kwa 0.45, unapata Mbps 16.7. Ina maana ulipokuwa unaitoa video kwenye programu ya kuhariri, uliacha mpangilio wa ubora karibu na 16 au 17. YouTube wenyewe wanapendekeza Mbps 8 kwa video ya 1080p yenye picha 24 hadi 30 kwa sekunde, na Mbps 12 ikiwa ni picha 60 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, chochote utakachowapelekea watakikandamiza upya kabla hakijamfikia mtazamaji, kwa hiyo biti nyingi kati ya zile ulizosubiri zipande zinaishia kwenye seva zao. Shangazi wa bwana harusi aliyeko Busia hazioni.

Toa nakala ya YouTube kwa Mbps 8. Saa mbili za Mbps 8 ni GB 7.2, na kwenye laini yako zitapanda kwa dakika 50 hivi. Umepata kasi ya Mbps 40 ukiwa bado unalipia 20. Ile nakala nzito usiitupe: hiyo ndiyo ya kumkabidhi mwenye harusi, maana ataihifadhi miaka na atataka kuiona kwenye televisheni kubwa. Kama harusi ilikuwa na ngoma na vumbi, watu wanaruka na kamera inazunguka, ongeza ufike 10 au 12, kwa sababu picha yenye mwendo mwingi ikinyimwa biti huanza kuonyesha viraka. Ibada iliyotulia ndani ya kanisa haina shida na 8. Angalia tu programu inakuuliza kwa kipimo gani: nyingine zinataka Mbps, unaandika 8, na nyingine zinataka Kb/s, unaandika 8000. Ukiandika 8 pale panapotaka kilobiti utapata video ya ukungu mtupu.

Kosa la herufi linauma zaidi upande wa kamera, kwa sababu harusi hairudiwi. Tuseme kamera yako ina mpangilio wa kurekodi kwa Mbps 100, biti. Kadi yenye alama ya C na 10 ndani yake inaahidi kuandika si chini ya MB 10 kwa sekunde, baiti. Mtu anasoma 100 na 10 asijue alinganishe nini na nini. Weka kwenye kipimo kimoja: MB 10 mara 8 ni Mbps 80. Kamera inamwaga 100, kadi inaahidi 80. Inaweza kwenda vizuri dakika kadhaa kwa sababu kamera ina akiba yake ndani, kisha akiba inajaa na kurekodi kunakatika, na unaweza kuwa katikati ya viapo. Kwa kazi kama hiyo nunua kadi yenye alama ya U na 3 ndani, au V30. Zote mbili zinaahidi MB 30 kwa sekunde, yaani Mbps 240. Ile nambari kubwa iliyochapwa kwa maringo juu ya kadi, 95 au 100 MB/s, mara nyingi ni kasi ya kusoma, ambayo utaifurahia ukiwa umesharudi studio. Wakati wa kurekodi haikusaidii. Na kwa Mbps 100 saa moja inakula GB 45, kwa hiyo kadi ya GB 64 itakupa saa 1 na dakika 25 hivi. Beba ya pili.

Mteja akiwa mbali na studio, jiulize kama intaneti inahitajika hata kidogo. Flashi ya GB 64 iliyojaa, ukiituma kwa matatu kutoka Kisumu hadi Kakamega, tuseme ifike kwa saa moja na nusu, ni sawa na laini ya Mbps 95. Piga mwenyewe: 64 kwa 1.5 ni karibu GB 43 kwa saa, gawanya kwa 0.45. Ongeza muda wa kunakili, kwa sababu flashi za bei rahisi huandika polepole sana. Ikiandika MB 8 kwa sekunde, faili lako la GB 14 litachukua nusu saa kuingia. Tena ikiwa flashi imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, itakataa faili lolote linalozidi GB 4, na utaambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi iko tupu. Ifomati kwa exFAT kwanza.

Sasa mazishi. Hapa utakuwa unatumia laini ya simu, na kila MB ina bei, kwa hiyo hesabu ya 450 ndiyo mkombozi wako. Programu za kurusha moja kwa moja huuliza kasi kwa Kbps. Ukiweka 3000 kwa picha na 160 kwa sauti, jumla ni Mbps 3.16. Zidisha kwa MB 450, unapata GB 1.42 kwa saa. Ibada na hotuba za Jumamosi huku kwetu hazimalizwi kwa saa mbili, basi hesabu nne: GB 5.7. Ongeza mzigo wa safari, ufike 6. Ongeza tena kwa ajili ya majaribio ya asubuhi na kwa ajili ya yule mzee atakayeomba kusema neno moja tu. Mimi ningenunua GB 8, na ningehakikisha bando lenyewe haliishi saa sita usiku kabla ya siku ya kazi. Ukitaka kurusha kwa 4500 badala ya 3000, bajeti yako ni GB 2.1 kwa saa pamoja na sauti, kabla ya mzigo wa safari.

Bando ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kama mnara wa kule unaweza kukubebea hiyo Mbps 3 kwenda juu, bila kukatika, kwa saa nne. Nenda bomani siku moja kabla, simama pale pale hema litakapokuwa, upime kasi ya kupakia. Watu wengi huangalia kupakua kwa sababu ndiyo nambari kubwa inayotokea kwanza, nayo kwa kurusha haikusaidii chochote. Ukipata Mbps 6 za kupakia, rusha kwa 3. Usijaribu 5. Siku unayopima, boma lina watu kumi. Siku ya mazishi watakuja mamia, kila mmoja na simu mfukoni, wengine nao wanarusha kwenye Facebook, na wote mnagawana mnara mmoja. Ukipata Mbps 2 tu, shusha picha iwe 720p na uweke 1200 kwenye programu. Waombolezaji walioko Nairobi na Ughaibuni watavumilia picha isiyo kali sana. Sauti ikikatika wakati mjane anaongea, hilo hawatalisahau, kwa hiyo ile 160 ya sauti usiiguse.

Ukiamua baadaye kwenda Mbps 40, na siku hiyo inaweza kufika, tazama kwanza vifaa vyako. Ruta nyingi za bei nafuu zimeandikwa 300 Mbps kwenye boksi, lakini hiyo ni kasi ya waifai ya mahesabu, ambayo kwa matumizi halisi hushuka hadi nusu au chini yake, na tundu za kebo nyuma ya ruta hizo hizo mara nyingi ni za Mbps 100. Kwa laini ya 40 zinatosha. Akija mtu kukuuzia 200 juu ya ruta kama hiyo, mkatalie.

Sababu nzuri ya kupanda hadi 40 kwako itakuwa moja: kazi mbili kwa wakati mmoja. Ukianza kurusha ibada kutoka studio huku msaidizi wako anapakia harusi ya jana, upakiaji utameza laini yote na matangazo yataanza kukwama. Hata hapo kuna dawa ya bure, kupakia usiku, au kuweka kikomo cha kasi kwenye programu ya kupakia kama inaruhusu. Kumbuka kusoma kikomo hicho kinataka KB/s au Kbps.

Na kama siku moja ukashuku kweli kwamba unapunjwa, usitumie nambari ya laptopu inapopakua, kwa sababu hiyo inategemea pia seva ya upande wa pili na nani mwingine yuko kwenye waifai yako. Chomeka laptopu kwenye ruta kwa kebo, zima waifai, pima asubuhi, jioni saa mbili ambapo mtaa mzima uko mtandaoni, na usiku wa manane, kupakua na kupakia. Piga picha ya kila skrini ikionyesha saa na Mbps. Ukipata 18 au 19 kila wakati, hakuna kesi. Ukipata 19 usiku wa manane na 7 kila jioni, laini ya mtaa wako imejaa kupita kiasi, na hapo una haki ya kudai. Waandikie kwa Mbps, kwa lugha yao, uambatanishe zile picha.

Kwa sasa baki na 20 yako. Badilisha mpangilio wa kutoa video uwe 8, upakie harusi inayofuata, na uone saa ngapi inamaliza.